Ukanda Uliopishana

Mara ya kwanza Makena alipomsomea Madam Jeptoo maelezo aliyoyaandika, Madam Jeptoo alipiga magoti kwenye sakafu ya baraza lake mjini Lodwar, akashika chaki, akachora kitu kilichofanana na bata aliyekanyagwa na lori.

"Haya. Kiatu chako hicho."

"Hapana, Madam. Hakifanani hivyo hata kidogo."

"Mimi nimechora maneno yako, sikuchora mawazo yako. Umesema mabawa mawili ya mpira yameshikana na gongo. Yameshikana wapi? Hukusema. Basi nimeyatundika huku juu, karibu na kwapa. Mtu akitembea nayo yatamtekenya mbavu, acheke mpaka aanguke." Akacheka mwenyewe, akaufuta mchoro kwa kiganja. "Soma tena. Na uandike kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumbani kwao kwa simu. Mgeni haoni unakoonyesha kidole."

Makena alikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo. Alikuwa ametoka Meru na kuja Turkana kwa kandarasi ya kituo kidogo kilichosaidia watu wenye ubunifu, wa mjini na wa kambi ya wakimbizi, kuombea vitu vyao hataza, yaani ile haki ya kisheria inayomzuia mtu mwingine kutengeneza na kuuza kitu ulichokivumbua wewe. Alipopewa kazi hiyo alidhani sehemu ngumu ingekuwa kuwapata wavumbuzi. Kuandika je? Kuandika alijua tangu utoto.

Madam Jeptoo alimwondoa katika ndoto hiyo kwa kipande cha chaki. Mama huyu alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka mingi akikagua maombi ya hataza, kisha akastaafu na kumfuata mumewe Lodwar, ambako mume aliuza mabati na misumari. Siku hizi alikuwa wakala: maombi ya kituo yalitumwa kwa jina lake. Hakumfundisha Makena kwa vitabu. Alimwambia asome, naye akachora alichosikia, hicho tu, bila kuongeza hata nukta ya huruma. Palipokuwa na pengo katika maneno, palikuwa na kituko sakafuni.

Jumamosi baada ya Jumamosi vituko vikapungua. Bata akawa jani, jani likawa kwato, na hatimaye asubuhi moja Makena alisoma kurasa zake, akachungulia chini, akakiona kiatu cha Kasongo.

Kasongo alikuwa fundi viatu, Mkongo wa upande wa Uvira, mkimbizi aliyekaa Kalobeyei na mkewe Godelieve na binti yao Daniella. Kibanda chake kilitazama njia ya kwenda Kakuma, na njia hiyo ilikata laga, mto mkavu wenye mchanga mwororo kama unga. Watu waliotembelea magongo waliogopa laga kuliko walivyoogopa jua. Gongo lilizama, mwenyewe akazama nalo, akabaki pale kati akingoja mtu wa kumvuta. Kasongo aliliangalia jambo hilo mpaka likamkera. Kisha akawaangalia ngamia wa Waturkana wakivuka mchanga uleule kama wanaotembea sebuleni. Unyayo wa ngamia hupanuka ukikanyaga. Akakata tairi kuukuu, akatengeneza kiatu cha gongo: mabawa mawili yaliyofungwa kwa bawaba kwenye ncha ya gongo. Ukilikandamiza gongo, mabawa yanafunguka na kulala juu ya mchanga. Ukiliinua, ukanda wa tyubu unayavuta yanajifunga, tayari kwa hatua nyingine.

Mwaka uliotangulia, kabla Makena hajafika, Kasongo alikuwa amekionyesha kiatu hicho kwenye maonyesho ya Kakuma. Watu walishangilia. Bwana mmoja wa kampuni ya Eldoret inayouza vifaa vya hospitali alikipiga picha kila upande, juu, chini, ubavuni, huku akitabasamu. Sheria, alivyoeleza Madam Jeptoo, inampa mvumbuzi mwaka mmoja tangu siku aliyokitoa kitu chake hadharani. Mwaka ukiisha hajaomba, kitu ni cha yeyote mwenye mkasi na tairi.

Ndiyo maana Makena, mara ya kwanza walipokutana, alimshika Kasongo mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia, "Mzee, nitakuandikia hii kitu mpaka ipite." Godelieve aliyesikia alipiga kigelegele. Makena alirudi Lodwar siku hiyo moyo ukiwa mwepesi. Ndiyo kazi aliyoisomea, alijiambia. Ndiyo hasa.

Sasa kiatu kilikuwa sakafuni, kamili. Lakini Madam Jeptoo bado alikikodolea macho.

"Huu ukanda," alisema. "Umeandika kwamba chini ya mabawa unapishana, halafu unapindwa nusu kabla ya kufungwa. Kwa nini?"

"Ndivyo alivyoufunga."

"Nimekuuliza kwa nini. Ukanda ulionyooka ungeyafunga mabawa vilevile. Kama kupishana kuna kazi, ni lazima uiandike. Kama hakuna, uache. Nenda ukamuulize. Usimuulize kimoja tu: muulize ulikuwaje mwanzo, ukabadilishwa lini, na nani alisema ubadilishwe. Hapo ndipo uvumbuzi hujificha."

Makena akaenda.

Alimkuta Kasongo akishona kandambili ya mtoto, misumari midogo mdomoni. Kijana wa Kiturkana aliyekuwa akingoja zamu yake alimsalimu, "Ejok," naye Makena akajibu, "Ejok nooi," kwa lafudhi iliyomchekesha kila mtu.

"Dada Makena anasema Kiturkana kama Mchina," Kasongo alisema, akiitema misumari. "Karibu, kaa. Karatasi imeenda Nairobi?"

"Bado kidogo, Mzee. Imebaki swali moja. Huu ukanda wa chini. Mwanzo ulikuwaje?"

"Mwanzo? Mwanzo nilikuwa nafunga tu hivi." Alinyoosha kidole, kikaenda moja kwa moja. "Lakini ilikuwa mbaya. Ukiinua gongo, ile mabawa inajifunga na mchanga ndani, kama kijiko. Hatua tano, gongo imekuwa nzito kama jiwe. Mawien alinitukana sana."

"Mawien ni nani?"

"Rafiki yangu! Mudinka mmoja, mrefu, mguu moja. Yeye ndiye alikuwa anajaribu kila kitu. Mimi niko na miguu mbili, nitajua nini? Siku moja ametoka kwa laga, amenirushia gongo hapa, paa! Anasema, 'Wewe Mkongo, unataka nibebe jangwa yote mpaka kwetu?'" Kasongo alicheka mpaka macho yakamlowa. "Akakaa pale, ulipokaa wewe. Akafungua ukanda, akapishanisha, akapinda hivi. Kwao wanafunga kamba ya ng'ombe namna ile. Ukiinua, ukanda inajikunjua kwa nguvu, inapiga mchanga, puu! Inabaki safi. Mimi nilimwambia, Mawien, umeniokoa."

Makena alikuwa akiandika haraka haraka, akifurahi. Jibu lilikuwa zuri mno, kila kitu kilikuwa ndani: tatizo, sababu, dawa. Alifika nusu ya sentensi ndipo kalamu ikasimama yenyewe.

"Kwa hiyo kupishana," alisema taratibu, "kulikuwa wazo la Mawien."

"Ya Mawien kabisa. Mimi siwezi kudanganya."

"Yuko wapi sasa?"

Kasongo aliinua mabega. Chakula kambini kilipopunguzwa, watu wengi waliondoka, na Mawien alikuwa mmoja wao. Alipanda lori la kwenda mpakani, gongo likiwa na kiatu kipya, akasema akifika kwa mama yake atapiga simu. Hakupiga.

Madam Jeptoo alisikiliza yote hayo bila kugusa chaki. Makena alipomaliza, yule mama aliketi kitini, akavua miwani na kuisugua kwa ncha ya leso kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilitafuta kwenye maombi ya zamani ya nchi za nje," alisema. "Nilikuwa nakuja kukuambia leo. Mabawa ya kufunguka na kujifunga kwenye gongo yapo. Mtu wa ng'ambo aliyaandika kwa ajili ya theluji, zamani sana. Yana ukanda ulionyooka, kama ule wa mwanzo wa mzee wako."

"Lakini mzee hajawahi kumwona huyo mtu. Hajawahi hata kuona theluji!"

"Najua, Makena. Sheria haiulizi kama uliiba. Inauliza kama kitu ni kipya. Na kilicho kipya hapa ni kupishana."

Makena alielewa kabla sentensi haijaisha. Kilicho kipya kilikuwa cha Mawien.

"Tuandike majina mawili," alisema. "Kasongo na Mawien. Walifanya pamoja."

"Ndiyo ukweli, na ndivyo inavyopaswa kuandikwa. Lakini wavumbuzi wakiwa wawili, haki ni ya wawili. Mwenzake atie sahihi, au aandike kwamba amemwachia. Niliwahi kutuma ombi la watu wengine lenye sahihi pungufu nikiomba muda. Lilikataliwa, likarudi mikononi mwangu." Akavaa miwani. "Mtafute. Siku bado zipo, ingawa si nyingi."

Makena akamtafuta kama mtu anayemtafuta ndugu. Alipiga nambari ya Mawien asubuhi, mchana na jioni, na sauti ileile ya kike ikamjibu kwamba mteja hapatikani. Alizungumza na madereva wa malori Kakuma. Mmoja alikumbuka mtu wa mguu mmoja, mwingine akakumbuka watatu. Aliomba tangazo kanisani na kwenye redio ya pale. Mtu mmoja alipiga kutoka ng'ambo ya mpaka akisema amemwona mtu mrefu mwenye gongo la ajabu akinunua chumvi sokoni. Makena aliruka kitini. Wapi? Lini? Simu ikakatika, na alipoipiga tena, haikuita.

Kakuma alikuwapo binamu yake Mawien, Anyang, aliyefanya kazi ya kuchaji simu za watu. Makena alimweleza yote, akamwomba kama angeweza kutia sahihi kwa niaba ya ndugu yake.

Anyang aliichomoa simu moja, akaichomeka nyingine. "Dada, kwetu mtu anasimama mahali pa mtu aliyekufa. Mawien amekufa?"

"Sijui. Hapana. Sisemi amekufa."

"Basi usiniambie niweke kidole kama amekufa. Mama yake akisikia, atasema nini?"

Makena alikunja karatasi zake. Aliomba radhi, akaondoka.

Usomi wake ulikuwa umemfundisha kwamba kila mtambo uliokwama una mahali pa kushika. Alijaribu kuandika maelezo mengine yasiyotaja kupishana. Alipomsomea Madam Jeptoo, mama yule alichora, kisha akamwonyesha mahali mchanga ungeingia na kukaa. "Umeandika kile kiatu cha theluji," alisema kwa upole. "Nacho ni cha watu wote tayari."

"Basi tufanye nini?"

"Mimi siwezi kutuma ombi lenye jina moja, nimeshasikia habari ya Mawien. Eldoret kuna wakala ambaye hajaisikia." Alimtazama Makena usoni. "Sikutumi kwake. Nakuambia tu kwamba yupo, kwa sababu ningekuficha, siku moja ungekuja kuniuliza kwa nini nilikuficha."

Makena alirudi Kalobeyei na maneno hayo kama kokoto kinywani. Alimweleza Kasongo habari ya theluji kwanza, kwa sababu ndiyo iliyoonekana nyepesi. Ikawa ndiyo nzito.

"Kwa hiyo mabawa si yangu," Kasongo alisema.

"Uliyafikiri mwenyewe, Mzee. Hakuna anayekataa."

"Lakini si yangu."

Kasongo aliokota kipande cha tairi, akakizungusha mkononi kama kitu alichookota barabarani. Godelieve ndiye aliyeuliza habari ya Mawien, na Makena akamweleza. Yule mama alijifunga kitenge upya kiunoni, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo.

"Baba Daniella, na wewe mdomo yako! Nani alikutuma kusema Mawien, Mawien? Mawien amekula hapa, kwa sahani yangu. Amelala hapa malaria ilipomshika. Angekuwa hapa angesema andikeni ndugu yangu Kasongo. Si kweli?"

"Ni kweli," Kasongo alisema. Akamgeukia Makena, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakumwangalia machoni. "Basi dada, futa. Ile nilikuambia siku ile, futa. Andika ni mimi nilipishanisha. Mawien akirudi mimi nitamgawia nusu, kwa jina la Yesu. Nitamgawia zaidi ya nusu."

Makena alimwamini. Hapo ndipo palipomuuma: alimwamini kabisa. Nusu angempa, na hata zaidi. Lakini mahali pa kuandika mvumbuzi hapana nafasi ya kuandika kwamba mtu ana moyo mzuri. Kungekuwa na jina moja, na Mawien, popote alipokuwa, angekuwa mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye kigoda kile na kupinda ukanda. Na kampuni ya Eldoret, ikitaka kulivunja ombi, ingehitaji shahidi mmoja tu, na laga nzima ilikuwa imejaa mashahidi waliomsikia Mawien akitukana.

"Nitafikiri, Mzee," alisema. Lilikuwa jibu la woga, naye alilijua.

Alifikiri. Nambari ya wakala wa Eldoret aliiandika, akaipiga, na mtu alipoitikia "Halo?" kwa sauti ya uchangamfu, Makena alikata. Usingizi ulimpaa. Alisali, na sala yake ilikuwa moja: Mawien apige simu. Hakuomba kitu kingine, kwa kuwa hakuona kitu kingine kinachoweza kuombwa bila aibu.

Siku ya mwisho ya ule mwaka mmoja wa sheria ilikuwa siku ya kazi. Makena hakuweza kukaa Lodwar. Alifika Kalobeyei mchana, akaketi kibandani kwa Kasongo, simu mapajani, kompyuta ndogo ndani ya begi ikiwa na maelezo yote, michoro na madai ya kilicho kipya, majina mawili na sahihi moja. Godelieve aliwaletea chai, akaiweka chini bila kusema karibu. Daniella alipotoka shule aliwaangalia, akaenda kukaa kwa jirani.

Wateja walikuja na kuondoka. Mara mbili simu ililia. Ya kwanza ilikuwa ya mama yake Makena kutoka Meru akiuliza kama anakula vizuri. Ya pili ilikuwa ya Madam Jeptoo.

"Nimeyasoma uliyonitumia jana," alisema. "Sijapata cha kusahihisha. Fundi yeyote, popote, akiyasoma hayo atakitengeneza kiatu hicho bila kukiona. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwambia mtu maneno hayo."

"Asante, Madam."

"Umeamua?"

"Sijui."

"Saa hizi, Makena, kutojua ni kuamua."

Ilipogonga saa kumi na moja, ofisi ya hataza Nairobi ikafungwa, na hapa hakuna kilichotokea. Mbuzi walirudi kutoka malishoni, vumbi likapanda, bodaboda zikapita zikipiga honi. Makena alikuwa ametarajia angalau kuhisi kitu kikikatika, lakini jioni ilikuwa kama jioni nyingine zote.

"Dada," Kasongo alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Kama siku ile ningekuambia ni mimi nilipishanisha. Leo ingekuwa imeenda?"

Makena alitafuta majibu. Yalikuwapo mengi, ya sheria, ya dhamiri, ya kumpoza mtu moyo. "Ingekuwa imeenda, Mzee," alisema.

"Na hakuna mtu angejua."

"Mimi nisingejua."

Kasongo alitikisa kichwa polepole, akikubali kitu ambacho hakukipenda. "Basi uliniuliza vizuri sana," alisema.

Hakusema kwa hasira. Kama angekasirika ingekuwa afadhali. Makena alifunika uso kwa viganja, akalia.

"Hapana, usilie hapa," Kasongo alisema, akitazama barabarani kwa wasiwasi. "Watu watafikiri nimekuposa umenikataa. Godelieve ataniua. Dada. Eh, dada."

Mzee mmoja wa Kiturkana, mguu wake umekatwa chini ya goti, alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja tangu alasiri akingoja gongo lake bila kulalamika. Aliwaangalia wote wawili, kisha akaangalia jua, jinsi lilivyoshuka. Njia yake ya nyumbani ilipita ng'ambo ya laga. Kasongo alilivuta gongo lile mapajani, akayafunga mabawa, akachukua ukanda wa tyubu, akaupitisha chini, akaupishanisha. Mkono mmoja ukashika bawaba, mwingine ukashika fundo, akatazama huku na huku kama mtu aliyepungukiwa na mkono wa tatu.

"Njoo ushike hapa," alimwambia Makena.

Makena alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, akasogea, akaishika ncha ya tyubu.

"Kaza."

Alikaza. Mpira ulikuwa na grisi, na machozi yake yalikuwa bado vidoleni.

"Kaza, dada, inateleza."

"Nakaza," Makena alisema, akiuvuta kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote, na bado ukawa unateleza.